Mbwa wa Pili Anaitwa Mbena

Jumatatu, 4 Juni

Wote wanaikosea habari hii. Leo tena kilabuni wamesimulia kwamba Komba ndiye aliyeanza, akamwita mbwa wake Mbena, halafu mimi nikalipiza kwa kumwita wangu Mngoni. Uongo mtupu. Nilianza mimi. Mbwa wangu alikuwa anaitwa Mngoni hata mama yake mbwa wa Komba hajazaliwa. Mtu akitaka kusimulia habari ya watani wawili, aanze na yule mwenye akili. Yaani mimi.

Asubuhi sakitu, majani meupe kama chumvi. Nimevunja mahindi mpaka mgongo ukagoma. Mngoni hakuja shambani. Siku hizi anaamka jua likishapanda. Meno hana, masikio hayasikii. Rahabu anampondea ugali kwa mchuzi wa maharage kabla hajanipa mimi. Mke wangu huyo.

Haya naandika kwa Kiswahili makusudi. Darasa sikukaa, herufi nilipewa na katekista nikiwa na mvi, kwa ajili ya ubatizo. Rahabu anasoma Kibena tu. Akiyasoma haya ataninyima mboga.

Komba ni Mngoni, anakaa Makambako. Mimi ni Mbena. Baba zake waliiba ng'ombe wa baba zangu, basi sisi ni watani, ananitukana namtukana, hakuna wa kukasirika. Tulibeba mizigo pamoja vita vya Mjerumani na Mwingereza. Mto umefurika, mamba wamelala kama magogo, nikambeba Komba mgongoni na mzigo wake juu. Yeye anasema ndiye aliyenibeba mimi. Wangoni.

Jioni dereva wa lori la magome ya miwati amesimama barabarani akaniita. Komba anaumwa. Ananitaka.

Jumatano, 6 Juni

Makambako. Nimesafiri juu ya magome. Upepo wa kule umenitoa machozi. Upepo tu.

Komba amekwisha. Tumbo limejaa, miguu imevimba, usoni imebaki pua. Hospitali wamemrudisha nyumbani. Mtu aliyekuwa anaongea mpaka kuku wanakwenda kulala, leo anasema maneno mawili halafu anapumzika kama amepanda mlima.

Mbwa wake yuko chini ya kitanda. Jike jekundu, masikio yamesimama. Hakunibwekea, ananijua. Miaka yote wamelinda pamoja duka la Mhindi, Komba na rungu, yeye na meno.

Komba hakuzunguka. Alisema, "Mtani, mchukue Mbena."

Nyumba ni ya mwenye duka, itapewa mlinzi mwingine. Mkewe Agnesi atarudi Songea kwa kaka zake, na kaka zake mbwa hawamtaki. Na Makambako mbwa asiye na mwenyewe anapigwa mawe mpaka anatulia. Yote hayo aliyasema polepole, kama mtu anapanga kuni.

Nimekataa. Nilisema nyumbani ninaye Mngoni mmoja, anakula kama ukoo mzima. Nikiongeza Mbena hapo vita vinaanza upya, Bwana Shauri wa Serikali atakuja na askari. Nikamwambia tena, wewe hufi. Wangoni hamfi, mnahama tu, na ng'ombe wa watu.

Komba alicheka mpaka akakohoa. Agnesi akaja kumshika mgongo. Nikajisifu moyoni, bado namchekesha.

Hakuniomba mara ya pili. Nilitaka aniombe mara ya pili.

Ijumaa, 8 Juni

Nimemweleza Rahabu habari ya mbwa wa pili. Sikumwambia kwamba nimeshakataa. Nilitaka akatae yeye, iwe si mimi.

Amekataa vizuri sana. Kwanza akauliza nilikuwa naongea na akili zangu au na pombe. Mahindi yenyewe mwaka huu nguruwe wamevuna kabla yetu. Na jina je?

"Utasimama hapo uwanjani, baba, uite, Mbena toka jikoni, mwizi wewe! Na mzee wa kanisa anapita njiani. Atajua unamwita nani?"

Halafu akamwonyesha Mngoni, amelala karibu na moto, mate yanamtoka. "Na huyu mzee wa watu? Umletee msichana mwenye meno yake yote amsukume kwenye chakula? Ndiyo shukrani hiyo?"

Ni kweli. Mngoni huyu alimshika nguruwe dume kwa pua, akaburutwa kutoka bondeni hadi kilima cha pili, hakuachia. Kilima cha tatu, kama nakumbuka vizuri. Kifua chake bado kina kovu. Kijijini kote, wakigawana nyama ya msako, fungu la mbwa wangu lilikuwa linatolewa kwanza, kabla ya la mtu yeyote.

Nimefurahi Rahabu alipokataa. Papo hapo nikaona aibu. Sijawahi kupatwa na vyote viwili tumboni kwa mara moja. Ni kama kunywa maziwa juu ya pombe.

Jumapili, 10 Juni

Kanisani. Nimewaza badala ya kusali.

Nimepata jambo. Komba ni mlinzi. Mlinzi haachi lindo mpaka mwenzake afike kumpokea. Hata jua litoke, hata mvua impige, anakaa pale na rungu lake, anatukana, anangoja. Namjua. Basi mimi nisipofika kumpokea mbwa, haondoki. Hawezi. Atamwacha kwa nani?

Nikikubali, nimempa ruhusa.

Hiyo ndiyo dawa. Hospitali hawana. Nimetoka kanisani mwepesi. Nimemsalimia hata jirani yangu Yohani, ambaye mbuzi wake walikula mbaazi zangu.

Jumanne, 12 Juni

Rahabu alikuwa bondeni kwenye vinyungu, mashamba yetu ya majimaji, anaandaa matuta ya maharage ya kiangazi. Mngoni amelala pembeni. Nguruwe wakatoka kwenye matete, mchana kweupe, jike na watoto wake. Mngoni hakuinua hata kichwa. Hakusikia. Jike likamjia Rahabu. Alipiga debe, akapiga kelele, akarudi nyuma, akaanguka kwenye maji. Debe ndilo lililomwokoa.

Amerudi na tope mpaka kwenye kilemba. Mkono umechubuka. Mngoni nyuma yake anatikisa mkia, anadhani wametoka kutembea.

Amekaa. Amekunywa maji. Akasema, "Mlete huyo mwenye jina baya."

Nikasema hapana.

"Ijumaa ulimtaka."

Nikasema mwanaume hubadilika.

Akaniangalia sana. Tumeoana siku nyingi, huyu mwanamke anaujua uongo wangu kwa harufu. "Unaogopa nini wewe?"

Nimekwenda kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

Mkono wake unauma. Ningekuwa na mbwa mzima asingeanguka. Hilo najua. Na lile la lindo pia najua. Yanavutana kama watoto na kamba, na kamba ni mimi.

Alhamisi, 14 Juni

Lori limepita bila kusimama. Nimefurahi.

Kilabuni wameomba habari ya mto na mamba. Nimesimulia. Safari hii mamba nimewapunguza, hakuna aliyegundua. Wamecheka. Nimerudi mapema, pombe imebaki kwenye kibuyu. Rahabu akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Ijumaa, 15 Juni

Lori limesimama.

Komba ameacha lindo bila kupokewa.

Jumamosi, 16 Juni

Tumemzika.

Naandika kwa mpangilio, maana wataikosea na hii.

Mtani halii msibani. Kazi yake ni kuwachekesha wanaolia, na mtani mkubwa wa Komba duniani ni mimi. Rahabu alinishika mkono tulipokaribia nyumba, akaninong'oneza, kama huwezi, usifanye. Nikamwambia nitaweza. Nimefanya kwa watu nisiowapenda, nitashindwa kwa huyu?

Nimevaa koti lake la lindo. Nimeshika rungu lake. Nimetembea kama yeye, mguu wa kushoto unachelewa kidogo, nikapita mbele ya wanawake wa Kingoni nikikohoa kikohozi chake na kuuliza nani ameiba chumvi ya Mhindi. Walikuwa wanalia, wakaanza kucheka, wakawa hawajui wafanye lipi. Kaburini nikalalamika. Mmechimba fupi! Huyu miguu yake mirefu, ilirefuka kwa kuwakimbia Wabena! Ongezeni! Wachimbaji wakajifanya wanaongeza. Vizuri. Kila kitu kilikwenda vizuri.

Halafu nikamkamata mbwa.

Hiyo nayo ni desturi. Mtani anakamata kitu cha marehemu, kiti, sufuria, mbuzi, anatangaza ameteka. Wenye msiba wanatoa kuku au pombe, kitu kinarudi, kilio kinapata kupumzika. Sikuwaza. Mbwa alikuwa amelala mlangoni, kamba ilikuwapo, mdomo wangu ukanitangulia. Nikampitisha katikati ya watu. Nikapiga kelele: "Huyu ni Mbena! Ndugu yangu wa damu! Wangoni mlimteka, leo namrudisha kwao! Mkimtaka, toeni jogoo!"

Wakacheka. Nikangoja jogoo.

Agnesi hakuinuka kwenye mkeka. Alisema, "Nenda naye, mtani."

Nikadhani naye anatania. Nikashusha bei. Toeni tetea! Kifaranga! Toeni yai, mayai ya Wangoni ni madogo lakini nitapokea! Toeni hata yai viza!

"Yai hakuna," akasema Agnesi. Halafu akapaza sauti msiba wote usikie. "Marehemu alituapisha. Alisema, yule Mbena mkimwomba atakataa, ana maringo. Msimwombe tena. Mwacheni aibe mwenyewe. Na akishaiba, mtu yeyote asimkomboe!"

Watu waliangua kicheko. Wanawake walilala mikekani. Mzee mmoja wa Kingoni alijipiga paja mpaka kofia ikaanguka. Maisha yangu yote sijawahi kuleta kicheko kama kile, na aliyekileta yuko chini ya udongo. Amenishinda. Amenishinda yeye amekufa na mimi mzima.

Hapo nikalia. Mtani, nimevaa koti la marehemu, kamba mkononi, nalia kama ndama mbele ya Wangoni wote wa Makambako. Hawakunitania. Waliniacha nilie. Agnesi akaniletea kigoda.

Mbwa alikaa karibu na mguu wangu. Hakujua ameshatekwa.

Jumatatu, 18 Juni

Tuko nyumbani tangu jana. Dereva alikubali kubeba wazee wawili lakini si mbwa, basi tumetembea. Tumelala njiani kwa dada yake Rahabu. Rahabu mbele, mimi nyuma, kamba na mbwa nyuma yangu. Kila tukimaliza mlima alikaa chini akaangalia tulikotoka. Sikumvuta. Nilisimama mpaka amalize.

Mngoni amemnusa. Akazunguka, akamnusa upande wa pili. Halafu akaenda kulala akampa mgongo. Mgeni naye akalala mbali, pua imeelekea barabara. Nilitegemea vita. Hawana hata hamu ya kugombana.

Jina ni balaa kama Rahabu alivyosema. Asubuhi nimeita, "Mbena! Mbena!" Yohani akaitika toka shambani kwake, "Yupi? Tuko wengi!" Mchana mzee wa kanisa amekuja, ameshasikia. Amekaa, amekunywa uji, ameshauri tumwite Neema. Tumejaribu. Mzee wa kanisa ameita Neema kwa sauti ile anayotangazia matoleo. Mbwa hakugeuza hata sikio.

Rahabu anamwita Wewe.

Chakula hajagusa.

Alhamisi, 21 Juni

Bado hali chakula. Hanywi ila kidogo.

Rahabu amempondea ugali kama wa Mngoni. Amemwekea mchuzi. Jana amechinja kuku, kuku anayetaga, akampa utumbo na miguu na maini. Maini! Mimi sijala maini tangu Pasaka. Yamekaa mpaka siafu wakaja. Mngoni alitaka kuyala, Rahabu akamkemea, halafu akajuta akampa yeye.

Lori likilia barabarani anasimama. Likipita analala. Hiyo ndiyo kazi yake siku nzima. Mbavu zimeanza kuonekana.

Simtanii mtu kilabuni. Siendi.

Komba aliniomba akiwa na pumzi, nikasema hapana. Nilitaka kumzuia asiondoke, nikaona mimi ndiye mjanja. Alijua. Aliondoka akijua ninachofanya, akanitegea mtego wa kunisaidia nisikatae tena. Na sasa kitu alichoniachia kinafia uwanjani kwangu. Mbwa huyu akifa nitakuwa nimemkatalia Komba mara mbili.

Nimemwambia Rahabu. Yote, hata la kwamba nilikataa kabla ya kumuuliza. Alikuwa anapepeta maharage. Akasema, "Nilijua." Akaendelea kupepeta.

Jumapili, 24 Juni

Sikwenda kanisani. Nimekaa uwanjani kwenye jua na sahani.

Nimewaza tunavyomsemesha huyu mbwa. Polepole. Kwa huruma. Pole, Wewe, kula kidogo. Kama tunamlaza mgonjwa. Komba katika maisha yake hakuwahi kusema na kiumbe yeyote namna hiyo. Si mke, si Mhindi, si mimi.

Nikavaa lile koti la Komba, nililorudi nalo. Nikakunja mgongo. Nikapiga sahani na kijiko, nikatoa sauti yake, ile ya kukwaruza:

"Mbena! Mwizi wa pombe ya ulanzi! Njoo ule upesi kabla sijakupeleka Songea nikakubadilishe na jembe!"

Sikio moja lilisimama. Halafu la pili.

Nikaendelea. Nimetukana Wabena matusi yote aliyonifundisha Komba kwa kunitukana. Miguu yetu, uchoyo wetu, ugali wetu, wake zetu wanavyotupiga. Bonde zima limesikia. Yohani na watu wake walikuwa wanatoka kanisani, wamesimama njiani na vitabu vyao vya nyimbo, wameduwaa. Rahabu ametoka jikoni, kiganja mdomoni.

Mbwa alinyanyuka. Akaja. Akanusa koti, akanusa mkono, akaniangalia usoni. Anajua mimi si Komba. Sijamdanganya hata kidogo. Lakini akainamisha kichwa akala. Amekula yote, akalamba sahani mpaka ikasogea mpaka ukutani.

Sasa ni alasiri. Mngoni amehamia pale palipo na jua, na pale ndipo alipolala yule mwingine, kwa hiyo migongo yao imegusana. Hakuna aliyesogea. Rahabu ameshakwenda kumwambia Yohani kwamba mbwa ataitwa Mbena na asiyetaka aitwe hivyo aje amlishe yeye. Kesho anashuka naye vinyungu.

Baridi inaanza. Nitawaingiza wote wawili.

Jambo moja. Siku ile ya Makambako nimeandika kwamba Komba alicheka mpaka akakohoa. Alikohoa. Kucheka hakucheka. Aliniangalia, halafu akageukia ukutani. Kicheko nilikitia mimi, nilipofika nyumbani.